Mzee Yumo Ndani ya Kompyuta

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa ofisi ya chumba kimoja pale Kebirigo, na kazi ya ofisi hiyo ilikuwa mtihani. Shule kadhaa za msingi za upande ule wa Nyamira zilikuwa zimeungana kutunga mtihani mmoja wa darasa la nane kila muhula, ili watoto wajipime kabla ya ule wa taifa. Walimu walisahihisha, alama zikaletwa kwetu, nasi tukazijumlisha, tukampa kila mtoto nafasi yake na kila shule nafasi yake, kisha tukachapisha. Wazazi waliyasoma matokeo hayo kwa makini kuliko walivyosoma gazeti. Mwalimu mkuu ambaye shule yake ilikuwa ya mwisho hakuonekana sokoni kwa muda.

Mimi si mtu wa kule. Kwetu ni upande wa ziwa, na Kigusii changu kilikomea kwenye salamu na bei ya ndizi. Kwa hiyo ofisini walizungumza nami Kiswahili, na walipotaka kusema jambo lisilonihusu walirudi kwenye lugha yao, mara nyingine katikati ya sentensi. Mtu akiishi hivyo hujifunza kutumia macho.

Kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa ya zamani, ya skrini nyeusi na maandishi meupe. Ndani yake mlikuwa na programu ya kujumlisha alama iliyoandikwa na mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye baadaye alienda kusoma ng'ambo na hakurudi. Programu ilifanya kazi vizuri sana na hakuna aliyejua kwa nini. Mashine ilipoanza kuzimika yenyewe, kamati ilichanga ikanunua mpya kutoka duka moja la Kisii mjini, na duka likamtuma mtu wake kuja kuiweka.

Siku hiyo ndiyo iliyozaa habari hii. Yule mtu wa duka alihamisha programu ya alama kutoka mashine kuukuu hadi mpya, akaifungua, tukaona matokeo ya mihula iliyopita yote yamo, tukapiga makofi. Kisha akawaeleza wanakamati kwamba kompyuta hii ni ya aina inayotumika katika ofisi kubwa. Inawajua watu. Kila mtu huingia kwa jina lake na neno lake la siri, na kila mtu ana ruhusa zake: huyu anaweza kusoma tu, huyu anaweza kuandika, huyu anaweza kufanya lolote.

"Sasa niambieni," akasema, "mkubwa wa mashine atakuwa nani?"

Nafikiri alikuwa ameuliza swali hilo katika ofisi nyingi, na katika ofisi hizo walimwonyesha tu mtu anayejua kompyuta. Kamati yetu ilikuwa ya walimu wakuu wastaafu, na waliposikia neno mkubwa walisogeza viti.

Mwenyekiti alikuwa ndiye mzee kuliko wote, kwa hiyo yeye alipewa ukubwa bila mjadala. Hakuwahi kugusa kibodi, wala hakutaka. Nafasi ya pili ilileta ubishi kati ya mweka hazina na makamu, kwa kuwa walizaliwa msimu mmoja wa kuvuna wimbi na kila mmoja alidai mama yake alitangulia. Ikabidi watazame nani alitangulia kutahiriwa, na mweka hazina akashinda. Wakaendelea kushuka hivyo hivyo, umri kwa umri, ruhusa zikipungua, mpaka wanakamati wakaisha. Chini kabisa tukabaki mimi na fundi wetu, yaani watu wawili pekee ambao tungekaa mbele ya mashine hiyo.

"Hawa tuwaweke wapi?" akauliza mtu wa duka.

"Kuna nini hapo chini?"

"Kuna Mgeni. Anasoma tu."

"Basi ni wageni," mwenyekiti akasema.

"Lakini mzee, hawa ndio watakaoitumia."

"Sijasema wasitumie. Watumie. Lakini wakubwa ni wakubwa."

Mtu wa duka alitazama saa, akatazama mawingu yanavyokusanyika upande wa Nyansiongo, akaandika kama alivyoambiwa. Mwenyekiti akaomba sote tugeuke tukatazame ukuta. Akanong'ona neno lake la siri, mtu wa duka akaliandika, wakapeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe. Tangu siku hiyo nilihifadhi barua zangu kwenye disketi, kwa sababu mashine ilikataa kunihifadhia popote pengine, na nilidhani ndivyo kompyuta mpya zilivyo.

Sasa nimweleze fundi. Alikuwa kijana mpole aliyesomea kompyuta Nairobi, mwenye kofia ya kitambaa ambayo hakuivua hata akila. Alipoajiriwa hakuwa na uhusiano wowote na mtu yeyote katika kamati. Lakini binti wa tatu wa mwenyekiti alikuwa akimletea baba yake chai ya saa nne, na siku ambazo baba hakuwepo chai ilikuja vilevile. Mwaka haukuisha wakaoana.

Kwa wengine hiyo ingekuwa bahati, kuwa mkwe wa mwenyekiti wako. Kwa Abagusii ilikuwa balaa la kiofisi. Wana adabu wanayoiita chinsoni, heshima ya kuoneana haya kati ya watu wa tabaka fulani za ukoo. Nami kwetu nina adabu za ukweni, lakini hii ina nguvu yake. Mkwe wa kiume hampi mama mkwe mkono, hakai naye chumba kimoja, wala jina lake halitamki. Kwa baba mkwe kuna nafuu, na nyumba nyingine huilegeza zaidi, lakini mwenyekiti alikuwa amefundisha adabu shuleni maisha yake yote na hakuwa tayari kuilegeza kwake. Ofisi yetu ilikuwa ya hatua chache tu kutoka ukuta hadi ukuta. Mzee alipoingia mlangoni, fundi alitoka. Nyuma ya jengo kulikuwa na dirisha lisilo na kioo, na fundi alisimama huko nje, kwenye migomba, mpaka mzee amalize. Wakitaka kuambiana jambo, walipitia kwangu.

"Karani, mwambie wino wa printa ukikauka aseme mapema."

"Fundi, mzee anasema wino ukikauka useme mapema."

"Mwambie mzee nitasema."

"Mzee, atasema."

Walikuwa wakisikiana vizuri kabisa. Siku moja nilichoka nikafupisha maneno ya fundi, na mzee akanitazama juu ya miwani. "Hakusema hivyo," akanisahihisha. "Amesema vumbi linaingia kupitia nyuma. Nyuma hujaitaja." Kisha akangoja nirudie kikamilifu ndipo ajibu.

Muhula wa pili mashine mpya ilipata mtihani wake wa kwanza wa kweli. Mafurushi ya alama yalifika Jumatatu, na mwenyekiti alikuwa amewaahidi wazazi na walimu wakuu wote kwamba Ijumaa watasomewa matokeo kwenye uwanja wa shule ya jirani. Fundi alifungua programu, nikamsomea alama, akaziingiza siku nzima. Jioni akabonyeza kuhifadhi. Mashine ikasema hana ruhusa. Akabonyeza tena, ikarudia kwa maneno yaleyale. Akaifunga programu akaifungua upya, na kazi yote ya mchana ilikuwa imetoweka kama haikuwahi kufanywa.

Mweka hazina alizipata habari hizo kabla hatujafunga mlango. Yeye tangu awali alipenda taipureta. Alikuja asubuhi na wanakamati wengine wawili, akataka maelezo.

Fundi alijaribu. "Mashine hii mpya haiwezi kuendesha programu ya zamani moja kwa moja, mzee. Kwa hiyo inatengeneza kompyuta nyingine ndani yake, ya kuigiza. Ile programu ikiingia humo inadhani iko kwenye mashine yake ya zamani. Nashuku shida iko kwa hiyo ya ndani."

"Kumbe tuna kompyuta mbili."

"Ni moja. Hiyo ya pili si kitu cha kushika."

"Lakini ipo?"

"Ipo."

"Basi iandikwe kwenye mali ya ofisi. Karani, andika."

Niliandika: kompyuta ya ndani, moja. Mweka hazina akasoma akaridhika, kisha akasema jambo alilolijia. Ijumaa isipofika na matokeo, kamati inarudi kwenye taipureta na vikokotoo, na ofisi haitahitaji fundi. Alisema bila ukali, kama mtu anayetangaza siku ya soko. Fundi alivuta kofia yake mbele kidogo. Mkewe alikuwa na mimba, shamba la baba yake mwenyewe lilikuwa limegawanywa kwa ndugu wengi mpaka likawa vipande vya kupandia kabichi, na alijua watu wa ukweni wangesema nini juu ya mume aliyefutwa kazi mwaka uleule wa ndoa.

Akaishambulia ile kompyuta ya ndani. Aliifuta akaiunda upya. Aliiongezea kumbukumbu. Aliipunguzia. Aliifungua mashine yenyewe, akapuliza vumbi, akatoa mjusi mkavu ambaye tulimlaumu kwa muda wa chai nzima. Alijaribu kuielekeza programu ihifadhi kwenye disketi, lakini yule mwalimu wa hesabu alikuwa ameifundisha folda moja tu katika diski kubwa, na nyingine haikuzijua. Kila mara alama zilisomeka, jumla zilijumlishwa, nafasi zilipangwa, na kila mara wakati wa kuhifadhi jibu lilikuwa lilelile.

"Inanionyesha chakula chote," fundi akasema, "halafu inanikataza kumeza."

Nilikuwa na safari ya Kisii kununua karatasi, kwa hiyo nikapitia pale dukani. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, babu yake ndiye aliyefungua duka hilo likiwa la nguo, naye alizungumza Kiswahili cha haraka bila kuinua macho kutoka kwa kalamu zake. Nilimweleza yote: ya ndani, ya nje, vumbi, mjusi.

"Mashine haina ugonjwa," akasema.

"Bosi, inakataa kuhifadhi."

"Kukataa si ugonjwa. Mashine imeambiwa na watu wenu nani asiandike, basi inatii. Huyo kijana anaingia kwa jina gani?"

"Mgeni."

Akaweka kalamu chini. "Fundi wa kompyuta ndiye Mgeni?"

"Ndiyo."

"Na mkubwa ni nani?"

"Mwenyekiti. Ni mzee."

"Anajua kuiwasha?"

"Hajawahi."

Aliinamisha kichwa kidogo, nadhani kwa heshima ya mtu wake aliyekubali mpango huo. "Ya ndani haina makosa yoyote," akasema. "Ya ndani ni mtoto tu. Ikizaliwa na Mgeni, nayo ni mgeni. Haiwezi kuandika mahali ambapo aliyeizaa haruhusiwi. Mtafute mkubwa, aingie yeye, afungue hiyo folda. Kazi ya dakika tano."

Kazi ya dakika tano ilituchukua siku mbili zilizobaki.

Mwenyekiti alifika, fundi akaenda kwenye migomba. Nilimwambia mzee tunahitaji aingie kwa neno lake la siri. Akasema sawa, kisha akatazama dirisha, akauliza kwa sauti ya chini: "Likiandikwa, linaonekana?"

"Hapana, mzee. Zinatokea nyota tu."

"Na mashine hailisemi?"

"Hailisemi."

"Mwambie aliye nje aende mpaka kwenye posho mili."

Kulikuwa na mashine ya kusaga unga upande wa pili wa barabara, na ilikuwa inanguruma. Fundi alienda akasimama karibu nayo. Ndipo mzee akaniinamia na kuniambia kwamba neno la siri ni jina la mkewe. Alilichagua, akasema, kwa sababu ndilo jina ambalo hakuna mtu katika ofisi ile angethubutu kulikisia, hasa mmoja. Wakati ule fundi alikuwa ameshaanza kunywa ile chai, na mzee alikuwa na macho. Shida ni kwamba mkewe alikuwa na majina matatu, la kuzaliwa, la ubatizo na la utani la ujana wao, na mzee hakukumbuka alitumia lipi.

Tukaanza na la ubatizo. Likakataliwa.

"Inanikataa mimi?"

"Inakataa jina, mzee. Si wewe."

Tukajaribu la kuzaliwa, likakataliwa nalo. Mzee akatazama nje, akatazama sakafu, akaniambia lile la utani. Sitaliandika hapa. Niliandika herufi zake huku nikijikaza uso, na zile nyota zikajipanga moja moja. Mzee akazitazama kwa kuridhika. "Mashine hii imelelewa vizuri," akasema. Tukaingia.

Mzee akaondoka, fundi akaitwa arudi. Mpango wake ulikuwa rahisi: kwa kuwa mashine iko wazi kwa jina la mkubwa, angeingiza alama haraka na kuhifadhi. Akavuta kiti, akakaa, akanyoosha mikono kwenye kibodi, kisha akasimama.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

Akanionyesha kwa kidevu. Juu ya skrini, pale mashine huandika nani ameingia, palikuwa na jina la baba mkwe wake.

"Ni jina tu," nikasema.

"Mzee yumo ndani."

"Mzee ameenda kwake. Nimemwona akivuka barabara."

"Dada, wewe hujui. Nitakosaje kuona haya kukaa hapa kama niko kwangu, na jina lake linanitazama?"

Hatimaye alifanya kazi akiwa amesimama. Alivua kofia, na hiyo ndiyo siku niliyogundua kwamba alikuwa anaanza kupata upara. Alibonyeza kila kitufe taratibu, kama mtu anayepita sebuleni mtu akiwa amelala. Lakini alama ziliingia, na alipobonyeza kuhifadhi, zikahifadhiwa. Nilipiga makofi.

Furaha hiyo haikufika mbali. Yule mtu wa duka alikuwa ameipanga mashine ijifunge ikiachwa dakika chache bila kuguswa, na kuifungua kulihitaji neno la siri. Kila nilipotafuta karatasi iliyopotea katika furushi, kila fundi alipokuna kichwa kwa muda mrefu, skrini ilijifunga. Nilikuwa nimemdokezea fundi kwamba neno ni jina la utani la mama mkwe wake, bila kulitaja, kwa hiyo kila mara ilibidi aende posho mili. Niliandika neno, nikamwita, akarudi akivuka barabara na vumbi la unga mabegani. Wenye posho mili walimzoea. Kufikia Alhamisi walimwekea gunia la kukalia.

"Kaa hapahapa uangalie pembeni," nikamwambia.

"Nikisikia vidole vyako nitahesabu herufi."

"Basi nikutajie herufi moja moja, uandike mwenyewe. Hiyo si kulitamka."

Nilitaja ya kwanza. Nilitaja ya pili. Kwenye ya tatu alikuwa ameshafika mlangoni, mikono masikioni.

Baadaye, akipangusa unga, alinieleza kwa utulivu. Haogopi kwamba atapatwa na jambo. "Lakini Jumapili nitamwona mama kanisani, kwa mbali. Nikishajua mzee anamwita hivyo, macho yangu nitayapeleka wapi?"

Nikampa wazo jingine. Mimi sina ukwe na yeyote pale. Niingize alama mwenyewe, yeye anisomee.

"Usifanye hivyo, dada. Mweka hazina akikuona umekaa hapo na mimi nasoma tu, atauliza fundi ni wa nini. Nawe hutakuwa na jibu."

Ilikuwa kweli. Alhamisi saa nne asubuhi hatukuwa tumefika hata nusu. Nilimtuma mtu akamwite mwenyekiti, na safari hii nikamwambia wazi kwamba kuandika neno lake kila mara hakutatufikisha. Lazima aifungue folda yenyewe, ili atakayeingia kwa jina lolote aweze kuandika ndani yake. Mweka hazina naye akaja, bila kuitwa.

Fundi alitoa maagizo kutoka dirishani, nami nikasogeza mausi.

"Mwambie mzee tumefika kwenye ruhusa za folda. Sasa achague mtu wa kumkabidhi. Akitaka, anaweza kunikabidhi mimi umiliki wake."

Sikurudia. Nilitazama uso wa mzee nikaona limeshafika.

"Umiliki," mweka hazina akasema polepole, akigeukia ukuta kana kwamba anazungumza nao. "Ndani ya nyumba ya mzee kuna chumba. Mkwe anapewa chumba hicho kiwe chake. Watoto wa kiume wa mzee wanayo habari?"

Ilikuwa kejeli, lakini ilipiga pale ilipokusudiwa. Mzee alikuwa na wana wanne, na ardhi hugawiwa wana. Hakuna aliyewahi kusikia mkwe akikatiwa kipande cha boma la ukweni, na mweka hazina angehakikisha kwamba soko zima linasikia hata kama kipande chenyewe ni cha umeme. Mzee alivua miwani.

"Mwambie hilo haliwezekani," akasema.

Huko nje migomba ilitulia. Nilijua fundi amesikia, na nilijua anahesabu nini. Niliendelea kuitazama skrini kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kutazama, nikayasoma majina yaliyokuwa kwenye orodha ya watu wa kupewa ruhusa: mwenyekiti, mweka hazina, makamu, wengine, Mgeni. Chini yao palikuwa na mmoja ambaye hatukuwa tumemweka sisi.

"Mzee, hapa kuna mwingine. Anaitwa Kila Mtu."

Mwenyekiti akarudisha miwani. "Huyo Kila Mtu ni wa ukoo gani?"

"Mwambie mzee," fundi akasema haraka kutoka nje, "huyo si mtu. Ni yeyote anayekaa mbele ya mashine. Ruhusa akipewa huyo, hajapewa mtu."

Nikarudia. Mzee akasogea karibu na skrini, akalitazama lile jina.

"Kama chemchemi," akasema mwishoni.

"Chemchemi gani?" mweka hazina akauliza.

"Ile ya kule bondeni kwetu. Ni ya nani?"

"Si ya mtu."

"Mama yako mkwe alichota maji pale?"

"Alichota."

"Na wewe?"

"Nilichota zamani. Asubuhi, yeye alichota jioni."

"Kuna aliyekuambia umepewa shamba?"

Mweka hazina akakuna kidevu. Alikuwa mwalimu wa siku nyingi na alijua swali linapokuwa limeshajibiwa. Alijaribu kusema kwamba Kila Mtu ni pamoja na wezi, lakini mzee akamwambia wezi hawajui kujumlisha, akaniamuru nibonyeze. Nikampa Kila Mtu ruhusa ya kusoma na kuandika katika folda ya alama, folda hiyo tu. Kisha mzee akatoka ndani ya mashine kama alivyotoka ofisini, kwa kuaga.

Fundi aliingia kwa jina la Mgeni. Alikaa kitako, akarudisha kofia kichwani. Kompyuta ya ndani ikazinduka, ikajidhania ni ile ya zamani kama kawaida yake, na alipobonyeza kuhifadhi haikusema neno. Tulifanya kazi mpaka giza lilipoingia, na asubuhi ya Ijumaa printa ilikuwa inalia ikitoa karatasi ya kwanza wakati wazazi wanaanza kupita kuelekea uwanjani.

Mkutano wenyewe ulienda kama mikutano hiyo inavyoenda. Mwenyekiti alisoma, akina mama wakapiga vigelegele, mwalimu mkuu mmoja akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Fundi hakuja uwanjani, kwa kuwa mama mkwe wake alikuwa amekaa safu ya mbele. Nilirudi ofisini nikamkuta anakusanya bisibisi zake na kuzifunga kwenye kitambaa. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote, na mweka hazina alikuwa hajafuta maneno yake.

Hatujazungumza sana nikasikia kikohozi nje. Alikuwa mwenyekiti, na safari hii hakupitia mlangoni. Alikuja kwa nyuma, akasimama kwenye migomba, akalipa dirisha mgongo.

"Karani."

"Naam, mzee."

"Kamati imekaa pale uwanjani. Mweka hazina ameuliza, ile mashine ikikataa tena muhula ujao ataitwa nani. Nimemwambia yupo."

"Sawa, mzee."

"Na shule za Nyansiongo zimeomba kuingia kwenye mtihani wetu. Mwambie ni kazi nyingi. Mwambie Jumatatu asichelewe."

Nilimgeukia fundi nikafungua mdomo. Alikuwa ameacha kufunga kitambaa, bisibisi moja bado mkononi.

"Mwambie mzee nimesikia," akasema.

"Mzee, amesikia."

"Nilidhani hivyo," mzee akasema, akashika njia ya kwake kupitia migombani.